Blogu ya mtu mmoja Kambove: programu ipi itahimili?

Kampuni ya Typepad ilizima mitambo yake tarehe 30 Septemba 2025. Wenye blogu walipewa takribani mwezi mmoja kuondoa maandishi yao, na baada ya hapo makala, picha na maoni ya wasomaji havikupatikana tena. Miaka miwili kabla yake, tarehe 21 Agosti 2023, ilikuwa zamu ya Skyblog, huduma ya redio Skyrock ya Ufaransa iliyoanza mwaka 2002 na kuwa daftari la kizazi kizima cha vijana wanaoandika Kifaransa. Katika tukio la pili angalau taasisi za kumbukumbu za Ufaransa ziliwahi kunakili sehemu kubwa ya kilichokuwemo. Kwa Typepad kila mtu alibeba mzigo wake.

Kufungwa huko kunamgusa pia mtu wa Kambove, mji wa shaba ulio kaskazini magharibi mwa Likasi, jimboni Haut-Katanga. Mwenyeji anayetaka kuandika mambo ya mji wake kwenye tovuti yake binafsi huanza na swali lile lile: maandishi yakae wapi, kwenye programu gani, na kitatokea nini siku programu hiyo ikigoma au mwenye nayo akifunga duka?

Kambove si mahali pa kukosa la kuandika. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa mamlaka za chini, yaani mji, sekta au uchifu ambamo mgodi unachimbwa. Inazitaka pia kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na zisaini daftari la majukumu linaloonyesha shule, visima, zahanati au barabara zitakazojengwa. Hizo ni ahadi za miaka. Mtu anayezifuatilia anahitaji mahali ambapo andiko la leo litasomeka miaka mitano ijayo kwa anwani ile ile, ili siku kisima kisipoonekana mtu afungue ukurasa na kuonyesha tarehe kilipoahidiwa.

Kazi hiyo kwa sasa inafanywa na Facebook na makundi ya WhatsApp, na inafanywa vibaya. Habari ya kikao cha wananchi na kampuni hupanda asubuhi, jioni imezikwa chini ya matangazo ya misiba na harusi. Baada ya mwaka hakuna anayeipata tena, hata aliyeiandika. Tena mitandao hiyo ndiyo ya kwanza kuguswa nchi inapoingia kwenye misukosuko: mwanzoni mwa 2025, vita vilipopamba moto mashariki, X na TikTok vilizuiwa nchini Kongo.

Blogu za pamoja zimekuwepo. Mondoblog ya RFI imewafundisha na kuwabeba waandishi wa Afrika wanaotumia Kifaransa tangu 2010, na Habari RDC imewakusanya wanablogu wa Kongo kutoka majimbo mbalimbali tangu 2016. Ni shule nzuri, lakini mwandishi ndani yake ni mpangaji. Anayetaka nyumba yake mwenyewe ana njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni Blogger. Ilianzishwa 1999 na kampuni ndogo ya Pyra Labs, Google ikainunua 2003, na ndiyo iliyobeba wimbi la kwanza la blogu za Kiswahili: Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, kisha Issa Michuzi, mpiga picha wa Dar es Salaam ambaye blogu yake iligeuka kuwa gazeti la kila siku la Watanzania walio ughaibuni. Haina malipo, haina seva ya kutunza, wala sasisho la kukesha nalo. Mtu anaingia kwa akaunti ya Gmail kwenye kivinjari cha simu, anaandika, anachapisha. Google haijaifanyia makubwa kwa miaka mingi, na kampuni hiyo inajulikana kwa kuzika huduma zake: Google Reader ilifungwa 2013, Google+ ikafuata 2019. Lakini Blogger ina mlango wa kutokea. Kwenye mipangilio yake kuna njia ya kupakua makala zote, na makala hizo zinaweza kuhamishiwa WordPress.

Ya pili ni WordPress yenyewe, na hapa watu wengi hujikwaa kabla ya kuanza kwa sababu jina moja linabeba vitu viwili. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic: unajiandikisha, unapewa ukurasa, na ukitaka zaidi unalipa. WordPress inayopatikana WordPress.org ni programu huria ya bure ambayo mtu anaiweka mwenyewe kwenye seva anayoikodi. Ilitoka Mei 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little waliochukua programu iliyoachwa na Mfaransa Michel Valdrighi na kuiendeleza. Mwaka uliofuata Movable Type, iliyokuwa mfalme wa blogu wakati huo, ilibadili masharti na bei zake, na watumiaji wakahama kwa makundi. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa na WordPress.

Ukubwa huo haukuizuia kutikisika. Septemba 2024 Mullenweg aliishambulia hadharani WP Engine, kampuni kubwa inayohifadhi tovuti za WordPress, akidai inavuna bila kuchangia. Tarehe 25 mwezi huo WP Engine ilifungiwa kupata huduma za WordPress.org, na wateja wake wakajikuta hawawezi kusasisha plagini zao kwa njia ya kawaida. Oktoba ilikwenda mahakamani. Wiki ya pili ya mwezi huo, plagini yake mashuhuri ya Advanced Custom Fields ikachukuliwa na kupewa jina jingine ndani ya hazina ya WordPress.org. Mahakama ya California ilitoa zuio Desemba 10 na kuamuru milango ifunguliwe. Mwenye blogu ndogo hakuhitaji kuchagua upande. Alichopaswa kuona ni kwamba hata programu huria ina mlango mmoja ambao sasisho zote hupitia, na ufunguo wa mlango huo uko mfukoni mwa watu wachache.

Njia ya tatu haizungumzwi sana: tovuti tuli. Programu kama Jekyll au Hugo huchukua maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa kurasa zilizokamilika, zisizo na hifadhidata nyuma yake. Ukurasa wa namna hiyo ukiwekewa picha kwa kiasi huwa mwepesi mno, na huduma kama GitHub Pages huuhifadhi bure. Hakuna cha kudukuliwa kirahisi na hakuna sasisho la usiku wa manane. Tatizo ni kwamba kazi yake hufanyika kwenye kompyuta, kwa kuandika amri, na mtu mwenye simu peke yake atachoka siku ya pili.

Uzito wa ukurasa si jambo dogo Haut-Katanga, ambako msomaji hununua mega kwa siku au kwa wiki na huzihesabu. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa huwa na megabaiti tatu hadi tano. Makala yenye picha sita za namna hiyo inamgharimu msomaji mega ambazo zingetosha kutumiana ujumbe siku kadhaa. Picha ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 kabla ya kupandishwa, inashuka chini ya robo ya megabaiti na macho hayaoni tofauti kwenye simu. WordPress tangu toleo la 5.3 hupunguza yenyewe picha zinazozidi pikseli 2,560, lakini kipimo hicho bado ni kikubwa kwa mtandao wa mashinani, na picha bado italazimika kupandishwa ikiwa nzito kwanza. Mapambo ya kulipia yenye vibonzo vinavyocheza na herufi za kupakuliwa kutoka mbali nayo ni ya kuacha. Mandhari nyepesi kuliko zote ndiyo nzuri kuliko zote.

Kwa mtu mmoja asiye na fundi, basi, Blogger yenye jina lake binafsi ndiyo pa kuanzia. WordPress ya kujisimamia ifuate pale mwandishi anapokuwa na mapato kidogo, kompyuta ya kuazima walau mara moja kwa wiki, na mtu wa pili anayejua neno la siri. Ushauri unaosikika mara kwa mara, kwamba blogu isiyo ya WordPress si blogu ya kweli, unatolewa zaidi na watu wanaouza kazi ya kutengeneza WordPress.

Hata Blogger ina kero zake, na iliyo maarufu ni ya jina. Mtu ananunua jina, analiunganisha, kisha tovuti inafunguka ukiandika www mbele lakini inakataa bila www. Blogger hudai rekodi mbili za CNAME kwa muuza jina, moja ikielekea ghs.google.com na nyingine ikiwa ni ya kuthibitisha umiliki, na wengi huweka hizo wakaishia hapo. Jina tupu lisilo na www linahitaji rekodi zake za A, kisha kwenye mipangilio ya Blogger kuna swichi ya kulielekeza jina hilo kwenye lile lenye www. Mabadiliko huweza kuchukua saa kadhaa kuenea, wakati mwingine siku nzima. Anayebadili rekodi kila baada ya dakika kumi kwa kudhani amekosea huishia kuharibu kilichokuwa sahihi.

Kwenye WordPress kuna zaidi ya kuharibika, ingawa makosa yanayojirudia si mengi. La kwanza ni ukurasa mweupe, au ujumbe kwamba tovuti imepata hitilafu kubwa. Mara nyingi hutokea baada ya kusasisha plagini, kile kijiprogramu cha kuongezea, au mandhari. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura, ndani yake ikitajwa plagini iliyoleta shida. Ndiyo maana anwani ya barua pepe ya msimamizi inapaswa kuwa inayofanya kazi, si ile ya fundi aliyeweka tovuti akaondoka kwenda Kolwezi. Barua isipofika, mtu anaingia kwenye faili za seva, anafungua folda ya wp-content na kuibadili jina folda ya plugins. Plagini zote zinazimika kwa mpigo na tovuti inarudi. Kisha jina linarudishwa na plagini zinawashwa moja moja hadi mkosaji ajulikane.

La pili ni ujumbe kwamba tovuti imeshindwa kuunganisha hifadhidata. Kama hakuna aliyegusa kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba seva ya kampuni imelemewa, na dawa ni kusubiri na kuwaandikia. Kama tovuti imetoka kuhamishwa, kosa liko kwenye faili la wp-config.php: jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, neno la siri au anwani ya seva, moja kati ya hayo manne halilingani.

Wakati mwingine ukurasa wa mbele unafunguka lakini kila makala inasema haipatikani. Hilo hutisha watu, wakidhani maandishi yamefutika. Yapo. Kilichopotea ni kanuni za anwani, na kwa kawaida inatosha kwenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu na kubonyeza kuhifadhi bila kubadili chochote. WordPress itaziandika upya.

Hitilafu mbili nyingine hazitajwi sana lakini zinaihusu blogu ndogo kuliko kubwa. WordPress haina saa yake. Kazi zilizopangwa, pamoja na makala iliyoamriwa itoke saa kumi na mbili asubuhi, huamshwa na mgeni anayefungua tovuti. Blogu yenye wasomaji ishirini kwa siku inaweza kufika saa nne makala haijatoka, na mwandishi akailaumu kampuni ya seva bure. Ya pili ni programu ya simu. Wengi huiweka, wanaandika neno la siri sahihi, na inakataa. Sababu mara nyingi ni plagini ya usalama iliyolifunga faili la xmlrpc.php, njia ambayo programu hiyo imezoea kuitumia kuzungumza na tovuti. Anayetaka kuandika kwa simu achague: alifungue, au aandike kupitia kivinjari.

Halafu kuna umeme na mtandao unaokatika. Seva iko mbali, pengine Ulaya, na haijui kwamba Kambove kumeingia giza. Lakini sasisho lililokuwa linaendeshwa kwenye simu ya mwandishi linaweza kukatikia njiani, na tovuti ikabaki ikitangaza kwamba iko kwenye matengenezo. WordPress hupuuza alama hiyo yenyewe baada ya dakika kumi. Ikizidi hapo, faili liitwalo.maintenance lifutwe, kisha sasisho lirudiwe kwa sababu huenda faili zilinakiliwa nusu. Makala nayo iandikwe kwanza kwenye programu ya kawaida ya maandishi ndani ya simu, ndipo ihamishwe. Waliopitia kufungwa kwa intaneti nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi Januari 19, 2019 walijifunza hilo kwa nguvu: tovuti zilizohifadhiwa nje ziliendelea kusomwa duniani, lakini wenye nazo hawakuweza kuongeza hata mstari.

Sheria nayo inaingia kwenye uchaguzi wa programu. Nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wanablogu walipe ada zilizofikia takribani shilingi milioni 2.1, na wengine walizima blogu zao; ada hizo zilipunguzwa baadaye. Kongo haikuchukua njia hiyo. Kanuni ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka kifungu cha 360, kinachomhukumu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mtandao kifungo cha mwezi mmoja hadi sita na faini ya faranga 500,000 hadi milioni moja. Miezi sita baadaye mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kuhusu makala ya Jeune Afrique ambayo haikuwa na jina lake, na alikaa gerezani hadi Machi 2024.

Anayeandika kuhusu kampuni ya madini au kiongozi wa sekta anapaswa kuweza kuonyesha aliandika nini na lini. WordPress huhifadhi kila toleo la makala kadiri inavyohaririwa, jambo ambalo Blogger haimpi mwandishi. Pengo hilo linazibika: ukurasa unaweza kunakiliwa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive dakika ileile unapochapishwa, na nakala hiyo hubaki na tarehe isiyo mikononi mwa mwandishi wala mlalamikaji. Maoni ya wasomaji, kwa blogu isiyo na mtu wa kuyachuja, ni heri yazimwe. Mtu mmoja akitukanwa hapo usiku, asubuhi atamtafuta mwenye ukurasa.

Linalobaki ni jina, na pengine lilistahili kutangulia, kwa kuwa programu hubadilishwa lakini jina likipotea hata nakala rudufu haisaidii. Jina hulipiwa kila mwaka kwa kadi ya benki. Wakaazi wengi wa Kambove wana M-Pesa au Airtel Money, hawana Visa, kwa hiyo hulipiwa na shemeji aliyeko Ubelgiji au rafiki mwenye duka la kompyuta Lubumbashi. Hapo jina huandikishwa kwa barua pepe ya mlipaji, na kwa muuza jina ndiye mwenye tovuti. Wakikosana, au akisahau kulipa, blogu ya miaka sita inaelekea kwa mtu mwingine. Mlipaji alipe, barua pepe ya usajili iwe ya mwandishi.

Kusahau kulipa hakuwapati wadogo peke yao. Mwishoni mwa 2020 jina scpt-network.com, lililotumiwa na moja ya seva zinazoelekeza anwani zote za nchi za .cd, liliachwa likaisha muda. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama kutoka Sweden na mmoja wa waanzilishi wa Detectify, aliliona likiuzwa sokoni na akalinunua tarehe 30 Desemba kabla halijaangukia mikononi mwa mhalifu. Kwa hesabu yake, aliyekuwa nalo angeweza kuteka karibu nusu ya maulizo ya anwani za .cd na kuyapeleka anakotaka. Aliwaarifu wasimamizi nchini Kongo, nao wakaelekeza mfumo kwenye jina jingine.